Nusu Iliyobaki Nyumbani

Anayetoka mtaa wa Dallas mjini Embu kwenda Nairobi husafiri zaidi ya kilomita 120, na kabla hajafika katikati ya jiji hupita karibu na hospitali ya akili ya Mathari. Matatu hushuka kwenye mashamba ya mpunga ya Mwea, ikapita Makutano na Kenol, ikaingia barabara kuu ya Thika, na hapo Muthaiga, wakati abiria wameanza kukusanya mizigo, hospitali iko palepale. Kwa vizazi kadhaa, kuanzia Embu hadi Chuka na Meru, mtu akisema fulani "amepelekwa Mathari" hakuulizwa swali la pili. Historia ya ugonjwa wa bipola katika nchi hii ya mashariki ya Mlima Kenya ilikuwa, kwa muda mrefu, historia ya barabara hiyo: nani alipakiwa kwenye gari, na nani aliachwa nyumbani.

Ugonjwa wenyewe una pande mbili. Upande wa kupanda, mtu halali, mawazo yanamkimbilia, anaongea bila kituo, anatoa fedha ambazo hana, anaanzisha miradi mitatu kwa siku moja, na anayemzuia anageuka adui. Upande wa kushuka ni sonona: wiki baada ya wiki mtu hawezi kuamka, chakula hakina ladha, shamba linaota magugu, na anaamini kwa dhati kwamba yeye ni mzigo. Katikati ya pande hizo anaweza kuwa mzima kabisa, miezi hata miaka, akifundisha darasani au akiuza dukani. Mjerumani Emil Kraepelin ndiye aliyeandika mwaka 1899 kwamba pande hizo mbili ni ugonjwa mmoja. Kulitambua hilo kulihitaji kumfuatilia mtu huyohuyo kwa miaka. Anayemwona mara moja tu, siku aliyoletwa, huona nusu.

Mathari iliona nusu. Ilianza mwaka 1910 ikiwa nyumba ya vichaa ya serikali ya kikoloni, mahali palipokuwa pakitumika kuwatenga wagonjwa wa ndui, na mwaka 1924 ikapewa jina la Hospitali ya Akili ya Mathari. Wazungu, Wahindi na Waafrika waliwekwa mbalimbali. Mwafrika hakufika pale kwa kuugua tu, alifika kwa kusumbua: amevunja, amepiga, ametukana chifu, amekutwa akitembea uchi sokoni. Askari ndio waliomleta na hakimu ndiye aliyetia sahihi. Mama wa Kiembu aliyelala kibandani miezi minne akikataa kula hakuwa amemsumbua ofisa yeyote. Hakuna gari lililotumwa kumchukua.

Mwaka 1938 hospitali hiyo ilikabidhiwa John Colin Carothers, daktari wa serikali aliyefika Kenya mwaka 1929 na ambaye hakuwa amesomea magonjwa ya akili. Alikaa hadi mwaka 1950. Aliwahesabu wagonjwa wake kwa bidii, na hesabu ikamwonyesha kwamba Waafrika waliolazwa kwa sonona walikuwa wachache mno. Hapo angeweza kujiuliza ni nani walikuwa wakimletea wagonjwa, na kwa sababu gani. Badala yake alieleza uhaba huo kwa tabia ya Mwafrika mwenyewe: kwamba hana uzito wa dhamira, hajilaumu, anaishi ndani ya kundi lake. Shirika la Afya Duniani lilichapisha maelezo hayo mwaka 1953 katika kitabu kuhusu akili ya Mwafrika, ambamo alifikia hata kumlinganisha Mwafrika mzima na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Kitabu hicho kilisomwa dunia nzima. Kwa maneno mengine, nusu iliyobaki nyumbani ilitangazwa kuwa haipo.

Mwaka uliofuata, 1954, serikali ya kikoloni ilimwita tena Carothers aeleze saikolojia ya Mau Mau. Kijitabu chake kiliwahusu zaidi Wakikuyu, lakini katika sheria za Hali ya Hatari Wakikuyu, Waembu na Wameru walihesabiwa kundi moja, na alichopendekeza kuhusu kuwakusanya watu katika vijiji kiliwafikia wote. Kuanzia Juni mwaka huo zaidi ya watu milioni moja walihamishwa kwa nguvu kutoka maboma yao na kupelekwa katika vijiji vilivyozungukwa na mitaro. Sitaki kusema kijitabu kimoja ndicho kilichofanya hayo, jeshi lilikuwa na sababu zake. Lakini ni vigumu kutozingatia kwamba daktari yuleyule aliyesema watu hawa hawana huzuni nzito ndiye aliyeulizwa wafanyiwe nini, na kwamba akina mama waliopoteza nyumba, ng'ombe na waume katika miaka ile walipaswa, kwa mujibu wa elimu ya wakati huo, kutopata sonona.

Majibu yalianza kuja polepole. Frantz Fanon, daktari wa akili kutoka Martinique aliyefanya kazi Aljeria, alimshambulia Carothers kwa jina katika kitabu chake cha mwisho, mwaka 1961. Nchini Nigeria Thomas Adeoye Lambo alikuwa ameanza tangu mwaka 1954 kuwatibu wagonjwa wakiishi na jamaa zao katika vijiji vilivyoizunguka hospitali ya Aro, Abeokuta, na utafiti aliofanya na Wamarekani ukaonyesha kwamba sonona ilikuwa nyingi miongoni mwa Wayoruba. Mwaka 1967 Raymond Prince aliuliza kama ni ugonjwa uliokuwa umeongezeka Afrika au ni madaktari waliobadilisha mtindo wa kuutaja. Karibu zaidi na nyumbani, John Orley na John Wing walichapisha mwaka 1979 matokeo ya vijiji viwili vya Uganda: sonona ilikuwa nyingi zaidi miongoni mwa wanawake wa huko kuliko wanawake wa Camberwell, London. Siri ya kazi hiyo ilikuwa ndogo tu. Watafiti walikwenda majumbani.

Dawa nayo ina tarehe yake. Mwaka 1949, mwaka uleule Kenya ilipopata sheria yake ya matibabu ya akili, John Cade wa Australia, aliyekuwa mateka wa Wajapani kule Changi wakati wa vita, aliandika jinsi chumvi ya lithiamu ilivyowatuliza wagonjwa 10 waliokuwa wamepanda. Mogens Schou wa Denmark aliifanyia jaribio makini mwaka 1954, na baadaye ikabainika kwamba haitulizi tu, inazuia ugonjwa kurudi. Ni dawa ya bei nafuu na bado ni miongoni mwa zilizo bora. Lakini kiasi kinachoponya na kiasi kinachodhuru vinakaribiana sana, kwa hiyo damu lazima ipimwe mara kwa mara. Kuharisha, jua kali la shambani bila maji ya kutosha, au vidonge vya maumivu kama ibuprofeni vinavyouzwa kila duka la dawa, vinaweza kuipandisha lithiamu mwilini hadi ikawa sumu. Pasipo na maabara ya kuipima, daktari huona afadhali kuandika karbamazepini au valproeti, ingawa valproeti ni hatari kwa mtoto aliye tumboni na mwanamke anayeweza kushika mimba angepaswa kuambiwa hilo kabla ya kidonge cha kwanza. Haya yote ni mambo ambayo mgonjwa lazima ayajue mwenyewe. Daktari hayupo shambani siku ya kuharisha.

Uhuru haukuibadilisha barabara ya Mathari haraka. Chuo Kikuu cha Nairobi kilipata idara ya magonjwa ya akili mapema miaka ya 1970, ikiongozwa na Joseph Muhangi kutoka Uganda, na mwaka 1979 yeye na kijana aliyeitwa David Ndetei walichapisha utafiti wa wagonjwa wa vijijini Kenya, ulioonyesha kwamba baadhi ya waliokuja na maumivu ya mwili walikuwa na shida ya akili isiyotambuliwa. Sheria mpya ilitungwa mwaka 1989. Nayo bado ilishughulika zaidi na namna ya kumwingiza mtu hospitalini kuliko jinsi atakavyoishi akitoka. Kisha hali ya Mathari yenyewe ikawa habari ya dunia: Februari 2011 CNN ilionyesha filamu kuhusu waliofungiwa na kusahauliwa, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ikatoa ripoti kali mwaka huohuo, na Mei 2013 wagonjwa 40 wakatoroka kwa mkupuo mmoja. Magazeti yalicheka. Mimi sioni cha kuchekesha katika watu 40 wanaokubaliana mpango, wakautekeleza pamoja, kisha wakaitwa watu wasiojielewa.

Wakati huo kitu kingine kilikuwa kimeanza huku juu mlimani, bila kamera. BasicNeeds, shirika lililoanzishwa Uingereza mwaka 2000 na Chris Underhill, lilifika Kenya mwaka 2005. Lilianza katika mitaa ya mabanda ya Nairobi kisha likapanda kwenda vijijini, Nyeri na Meru Kusini, yaani upande wa Chuka na Chogoria ambao tangu mwaka 2013 uko katika kaunti ya Tharaka-Nithi. Hoja yake ilikuwa kwamba dawa bila riziki haidumu. Kliniki ya akili ililetwa karibu na kijiji, wahudumu wa afya wa kujitolea wakafundishwa kuwatambua wagonjwa, na wagonjwa pamoja na wanaowatunza wakaunda vikundi. Kikundi kiliweka akiba na kufuga kuku au mbuzi. Watu 203 wenye magonjwa makali ya akili au kifafa walifuatiliwa kwa miaka miwili, na matokeo yakachapishwa mwaka 2013: afya yao, utendaji wao wa kila siku na kipato vilikuwa vimepanda. Wanasayansi watasema, na ni haki yao, kwamba hapakuwa na kundi la kulinganishwa nalo. Hata hivyo kilichovutia ni umbo la kitu chenyewe. Kilikuwa chama. Hakuna mtu wa Meru au Embu anayehitaji kufundishwa chama ni nini: mwenyekiti, mweka hazina, faini ya kuchelewa, zamu ya kupokea. Kabla ya vyama Wameru walikuwa na gichiaro, udugu wa kiapo kati ya koo na koo, ambao aliye ndani yake hawezi kumnyima mwenzake anachoomba wala kumdhuru. Mgonjwa wa akili alikuwa amezoea kuwa mtu wa kuchangiwa. Katika kikundi akawa naye anachanga, na siku anayokosa kufika mtu anamtafuta.

Sehemu ya mwisho hiyo ndiyo iliyoigusa nusu iliyosahauliwa. Aliyepanda hajifichi, kijiji kizima kinamsikia. Aliyeshuka hatoweki kwa kelele. Anakosa mkutano mmoja, halafu wa pili. Kitabu cha mahudhurio cha chama kinamwona mapema kuliko daftari la hospitali yoyote.

Kundi lingine lilianza jijini, nalo lilikuwa la wagonjwa wenyewe. Mwaka 2005 watu wenye ugonjwa wa akili kutoka nchi kadhaa za Afrika walikutana Kampala na kuanzisha mtandao wao wa bara. Miaka miwili baadaye, 2007, likaundwa Users and Survivors of Psychiatry in Kenya, linaloongozwa na watu waliopitia matibabu ya akili. Mwaka 2008 Kenya iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao kifungu chake cha 12 kinasema kwamba mwenye ulemavu ana uwezo wa kisheria sawa na wengine: saini yake ni saini. Vikundi vya wenzao vikafunguliwa Nairobi na kaunti nyingine, Nyeri ikiwemo, na mwaka 2018 shirika hilo likachapisha utafiti kuhusu jinsi vikundi hivyo vinavyowasaidia watu kujiamulia mambo yao. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani, lilelile lililomchapisha Carothers, lilitoa mwongozo wa huduma za akili katika jamii na kukitaja kikundi cha Nairobi Mind Empowerment kuwa mfano wa kuigwa duniani. Baina ya kitabu kile na mwongozo huu imepita miaka 68.

Majirani nao walikuwa kazini. Uganda, Joseph Atukunda, anayeishi na bipola, alianzisha Heartsounds, na hospitali ya Butabika ikaanza kuwafundisha waliopona kuwatembelea waliotoka wodini. Baadaye Butabika na Dar es Salaam ziliingia katika jaribio la kimataifa la kazi hiyohiyo, pamoja na miji ya Ujerumani, Israeli na India. Hapa Kenya Sitawa Wafula alizungumza hadharani kuhusu kuishi na kifafa na bipola, akaanzisha huduma ya ujumbe mfupi ambapo mtu angeweza kuandika bila kutaja jina. Walikuwapo wengine ambao majina yao hayajulikani nje ya vikundi vyao, na hawapendi yajulikane.

Ndani ya kikundi huzungumzwa nini? Zaidi ya yote, usingizi. Kwa mwenye bipola usiku mmoja wa kukesha unaweza kuwa ndio mlango wa kupanda, na kulala saa 3 tu bila kuhisi uchovu ni dalili ambayo wengi hujifunza kuiandika. Hapa Embu mazungumzo hayo hayaepuki muguka, jamii ya miraa inayotafunwa kufukuza usingizi. Zao hilo la Mbeere hulipa karo na gharama za hospitali, na Mombasa ilipolipiga marufuku Mei 2024, Mahakama Kuu ya Embu ndiyo iliyositisha marufuku hiyo. Siasa zake ni za wakubwa. Ila anayetafuna hadi saa 9 usiku akiwa na ugonjwa huu anajifungulia mlango mwenyewe, na ni rahisi zaidi kuambiwa hivyo na mtu aliyewahi kutafuna na kupanda kuliko na daktari aliyesomea mbali. Vilevile kwa mkesha wa kanisani na matanga: mwenzako atakuambia nenda, salimia, na saa 4 uwe kitandani.

Halafu fedha. M-Pesa ilianza mwaka 2007, mwaka uleule lilipoundwa shirika la Users and Survivors, na mikopo ya simu ikafuata kwa M-Shwari mwaka 2012 na Fuliza mwaka 2019. Zamani aliyepanda alihitaji kumkabili karani wa benki, ambaye angalau angemtazama usoni. Leo anakopa saa 8 usiku akiwa chini ya blanketi, na asubuhi jina lake limeingia kwenye orodha ya wadaiwa. Ndiyo maana baadhi ya watu, wakiwa wazima, huandika makubaliano na mtu wanayemwamini: nikianza kuongea hivi, nikilala chini ya saa hizi siku mbili, chukua laini yangu, piga simu kwa daktari huyu, usinipeleke kwa yule, usiite polisi. Maamuzi ni ya mgonjwa mwenyewe, ila ameyafanya mapema. Wanasheria hutumia kurasa nyingi kueleza kifungu cha 12. Karatasi hiyo moja, iliyokunjwa ndani ya Biblia ya dada yake, inaeleza vizuri zaidi.

Je, inafanya kazi? Jaribio linalotajwa sana lilifanyika kaskazini-magharibi mwa Uingereza na kuchapishwa mwaka 1999: watu 69 wenye bipola, nusu wakifundishwa kuzitambua dalili zao za mwanzo na kutafuta msaada mapema. Waliofundishwa walichukua muda mrefu zaidi kabla ya kupanda tena. Kwa sonona hapakuwa na tofauti. Barcelona, mwaka 2003, Francesc Colom na Eduard Vieta waliwaweka watu 120 katika jaribio la vikao 21 vya kikundi, na hapo pande zote mbili zilirudi kwa uchache zaidi kwa waliohudhuria vikao vya mafunzo. Mimi si mtafiti, lakini matokeo hayo mawili yakiwekwa pamoja hayanishangazi. Anayepanda ana nguvu ya kutafuta msaada akishajua dalili. Anayeshuka hana nguvu hiyo. Yeye ndiye anayehitaji kutafutwa, na mtu peke yake na daftari lake hawezi kujitafuta.

Sheria zilifuata zikichechemea. Jopo lililoongozwa na Frank Njenga lilipendekeza mwaka 2020 afya ya akili itangazwe kuwa janga la kitaifa. Juni 2022 Uhuru Kenyatta alitia sahihi marekebisho ya Sheria ya Afya ya Akili, yaliyotokana na mswada wa Seneta Sylvia Kasanga, na kwa mara ya kwanza sheria ikasema wazi kwamba mgonjwa ana haki ya kukubali au kukataa matibabu na kushiriki katika kuyapanga, na kaunti zikapewa wajibu. Anayeishi Dallas, kwa hiyo, anaweza sasa kuidai kaunti yake mjini Embu kile ambacho babu yake angekitafuta Muthaiga. Kukidai na kukipata ni mambo mawili, na anayetegemea dawa za kila mwezi anajua ni mara ngapi huambiwa arudi wiki ijayo.

Kwa muda wote huo kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilibaki mahali pake. Kilirithiwa kutoka kwa Waingereza, na kilisema kwamba anayejaribu kujiua ametenda kosa, ambalo aliweza kufungwa kwalo hadi miaka miwili. Aliyeshuka kupita kiasi, yule ambaye hakuna gari lililotumwa kumchukua, hatimaye serikali ilimwona: wodini, akiwa na askari kando ya kitanda. Kwenye vikundi kifungu hicho kilikuwa na athari ambayo haikuandikwa popote katika sheria. Mtu aliweza kusimulia jinsi alivyopanda, hata akacheka na wenzake kuhusu ng'ombe aliyeuza kwa bei ya mbuzi, lakini akifika kwenye usiku ule mwingine alinyamaza, kwa kuwa kuusimulia kulikuwa kukiri kosa. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu, pamoja na chama cha madaktari wa akili na wengine, walikipinga mahakamani. Tarehe 9 Januari 2025 Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu ya Nairobi aliamua kwamba kifungu cha 226 kinapingana na Katiba.